Masega Yanapomeguka: Jinsi ya Kuiokoa Injini ya Toyota MR-S Ukiwa Nyumbani

Mmiliki wa Toyota MR-S ana jambo moja la kulijua kabla hajafikiria rangi, rimu wala redio mpya. Kigari hiki cha viti viwili na paa la turubai kilitengenezwa kuanzia 1999 hadi 2007. Ulaya kiliuzwa kwa jina la MR2 Roadster, Marekani kwa jina la MR2 Spyder, na injini yake imelala nyuma ya viti. Matoleo ya masoko hayo yana vichujio vitatu vya moshi: viwili vidogo vimefungiwa ndani ya manifoldi ya eksozi, jirani kabisa na valvu, na kimoja kikubwa kiko mbele zaidi katika safari ya moshi, kabla ya mufla. Mafundi wetu huviita masega, nami nitafuata lugha yao: masega madogo mawili, na sega kubwa moja.

Hayo madogo ndiyo yanayoua injini. Yakichoka humeguka, na unga wake mgumu hautoki wote kwa bomba la nyuma. Mwingine hurudi ulikotoka, ukaingia kwenye silinda na kuzisaga kuta zake. Gari linaanza kula oili, linapoteza nguvu, na mwenye gari anaambiwa injini imekufa kwa uzee.

Ushauri wa makala haya ni mfupi ingawa maelezo yake ni marefu: yatoe masega madogo kabla hayajajitoa yenyewe, libakize sega kubwa likiwa zima, kisha utibu ugonjwa ulioyaua hayo madogo. Ukifanya la kwanza tu na kuyaacha mengine, umefanya nusu ya kazi, na nusu hiyo ina gharama zake.

Hata kama huna MR-S, usifunge ukurasa. Injini yake, 1ZZ-FE ya lita 1.8, ndiyo iliyomo kwenye Toyota Wish, Allion na Premio nyingi za miaka ya 2000 zinazozunguka Dar es Salaam, Nairobi na Kampala. Mpangilio wa masega hutofautiana, lakini habari ya oili ni ile ile.

Kwa nini yanameguka

Sega ni kipande cha kauri chenye mamia ya vitundu vya mraba vilivyopita moja kwa moja kutoka upande mmoja hadi mwingine. Kuta za vitundu hivyo zimepakwa utando wenye madini ya platini, paladi na rodi. Moshi ukipita humo, monoksidi ya kaboni na petroli isiyoungua hugeuzwa kuwa kaboni dioksidi na mvuke wa maji, na oksidi za naitrojeni hugeuzwa kuwa naitrojeni ya kawaida. Kazi hii haianzi mpaka sega lipate moto wa kama nyuzi 250 hadi 300 za Selsiasi. Ndiyo maana wahandisi waliyaweka masega madogo karibu na injini: yapate moto upesi na kusafisha moshi wa dakika za mwanzo, ambao ndio mchafu kuliko wote.

Lilikuwa wazo zuri gari likiwa jipya. Miaka ikipita, yale masega yamekaa pahala pabaya: ndipo penye joto kali kuliko pote na mtikisiko mwingi kuliko pote, na ndipo palipo karibu zaidi na uchafu wowote unaotoka kwenye silinda.

Uchafu unaoyamaliza ni wa aina mbili. Wa kwanza ni oili. Fosforasi na zinki zilizomo kwenye oili hufunika yale madini, na sega likapoteza uwezo wa kusafisha. Wa pili ni petroli isiyoungua, inayotoka pale plagi au koili inapochoka na silinda ikaanza kumisi. Petroli hiyo huenda kuungulia ndani ya sega lenyewe, joto likapita nyuzi 1,000, kauri ikapasuka au hata kuyeyuka.

Sasa tazama bahati mbaya ya 1ZZ-FE. Pistoni za matoleo ya mwanzo zina vitundu vichache na vyembamba vya kurudishia oili nyuma ya ringi ya oili. Vikizibwa na masizi, oili haipati pa kurudi, inapanda juu na kuungua pamoja na petroli. Toyota ilikuja kuzibadilisha pistoni hizo katika matoleo ya baadaye, lakini magari yaliyokwisha kutoka kiwandani yalibaki na zile za zamani. Kwa hiyo oili inaua masega, unga wa masega unakwangua silinda, silinda iliyokwanguliwa inapitisha oili zaidi, na oili hiyo inamalizia masega yaliyobaki.

Wengi huuliza: vipi unga urudi nyuma ilhali moshi unasukumwa nje? Jibu liko kwenye valvu. Kuna kipindi kifupi katika kila mzunguko ambapo valvu ya kuingizia na ya kutolea huwa wazi kwa pamoja, na mfumo wa VVT-i, unaobadilisha muda wa kufunguka kwa valvu, huweza kukirefusha kipindi hicho kulingana na mzigo wa injini. Wakati huo moshi kidogo hurudi silindani. Moshi ukirudi ukiwa safi, hauna madhara. Ukirudi umebeba unga wa kauri, kila safari yako inaondoa kitu kwenye kuta za silinda.

Usisubiri taa ya injini

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Wanadhani sega likiharibika, taa ya injini itawaka na mashine ya uchunguzi itasoma msimbo P0420, ule wa sega bovu. Kwa gari hili si hivyo. Sensa mbili za oksijeni za juu zimefungwa kwenye manifoldi kabla ya masega madogo, na sensa ya tatu iko baada ya sega kubwa. Kompyuta ya gari inapima kazi ya mwisho kabisa. Masega madogo yanaweza kumeguka mpaka yakaisha, na maadamu sega kubwa linasafisha, taa haitawaka. Kimya cha dashibodi si cheti cha afya.

Dawa ni kutazama kwa macho yako. Injini ikiwa imepoa, fungua kifuniko cha nyuma, chomoa soketi za umeme za zile sensa mbili za juu, kisha zifungue sensa zenyewe kwa soketi namba 22 yenye mkato wa kupitishia waya. Mulika kwenye tundu kwa tochi kali, au pitisha kamera ndogo ya waya, ile inayounganishwa na simu. Sega zima utalijua: vitundu vyote vimejipanga sawasawa, uso wake ni bapa, kingo zake zimegusa chuma pande zote. Sega bovu nalo halijifichi. Utaona kona imemeguka, au bonde katikati, au uso ulioyeyuka na kuziba vitundu, au ufa mweusi kati ya kauri na ganda la chuma. Wakati mwingine utamulika usione kitu: sega limekwisha kuondoka, na swali linalobaki ni limekwenda wapi.

Masikio nayo yatumie. Washa gari likiwa baridi, mtu akanyage mafuta taratibu nawe usikilize kwa nyuma. Kipande kilicholegea hulia kama kokoto ndani ya kopo, na sauti huzidi injini inapopanda mzunguko. Gari likikataa kuvuta kwenye mizunguko ya juu ilhali chini linakwenda vizuri, shuku kuziba. Unaweza kupima shinikizo la moshi kwa geji iliyofungwa kwenye tundu la sensa: kwenye mizunguko 2,500 kwa dakika, ikipita psi 3 hivi, kuna kizuizi mbele.

Kisha pima hali ya injini yenyewe kabla hujanunua chochote. Pima kompresheni silinda zote nne, injini ikiwa na moto na plagi zote zikiwa nje. Kwa injini hii, silinda iliyo chini ya psi 145, au tofauti ya zaidi ya psi 15 kati ya silinda moja na nyingine, ni dalili kwamba madhara yamekwisha kuingia. Angalia pia oili kwenye dipstiki kila unapojaza tangi, na uandike. Injini hii huchukua lita 3.7 tu pamoja na filta. Ukipungukiwa na lita moja, zaidi ya robo ya oili yote imekwenda.

Vipimo vikiwa vizuri, kutoa masega ni kinga, na fedha yako itakuwa imekwenda mahali pake. Vikiwa vibaya sana, usitumie fedha nyingi kwenye manifoldi ya injini inayokwenda kufunguliwa. Kaa chini na fundi mjadili ovaholi au injini nyingine. Afrika Mashariki tuna nafuu moja: 1ZZ-FE zilizotumika zinapatikana kwa sababu ya hizo Wish na Allion, na fundi mzuri anaweza kuhamishia vifaa vya MR-S kwenye injini hiyo.

Njia tatu, chagua moja

Njia ya kwanza ni kununua manifoldi nyingine yenye masega mazima. Ndiyo safi kwa sheria na kwa hewa, lakini ndiyo ghali, na kama injini inakula oili, masega mapya yatafuata njia ya wenzao.

Njia ya pili ni kununua manifoldi ya mabomba matupu, isiyo na masega madogo, iliyotengenezwa mahususi kwa gari hili. Unaifunga, unahamishia sensa, kazi imekwisha. Hakikisha ina matundu mawili ya sensa na kwamba maungio yake ni mazima. Manifoldi za bei ya chini sana hupasuka kwenye maungio baada ya muda, na eksozi iliyopasuka huleta balaa nitakalolieleza mbele.

Njia ya tatu ni kuitoa manifoldi yako, kuyavunja masega yaliyomo na kurudisha ganda tupu. Haina gharama ila muda, gasketi na nguvu za mikono. Kwa chuma cha Toyota, ambacho ni imara kuliko mabomba mengi ya bei nafuu, ni njia nzuri, mradi uwe na subira ya kusafisha. Asiye na subira asiifuate, kwa sababu chembe atakayoiacha ndani ndiyo ile ile aliyokuwa akiikimbia.

Vifaa

Uwe na jeki nzuri na stendi mbili zinazobeba uzito wa gari, vizuizi vya matairi ya mbele, soketi ndefu namba 12 na 14 pamoja na vipanuzi vyake, ile soketi ya sensa namba 22, spana ya kupimia nguvu, dawa ya kulegeza kutu, brashi ya waya, patasi nyembamba na nondo fupi. Nunua mapema gasketi ya manifoldi, gasketi ya ungio la chini na nati mpya. Nati za zamani za eksozi zikishafunguka zimemaliza kazi yake.

Kwa mwili wako: miwani ya kazi inayofunika pande zote, glavu, na barakoa ya N95 au FFP2. Barakoa ya kitambaa haitoshi. Unga wa sega kuukuu ni mwembamba, una metali, na mkeka unaolizunguka sega una nyuzi za kauri ambazo mapafu hayana njia ya kuzitoa.

Kuitoa manifoldi

Jioni ya kuamkia kazi, pulizia dawa ya kutu kwenye nati zote za manifoldi, kwenye bolti za ngao ya joto na kwenye ungio la chini. Asubuhi pulizia tena. Kazi hii ndogo ya usiku inaokoa saa nyingi za mchana.

Egesha mahali tambarare penye sakafu ngumu. Ziba matairi ya mbele, nyanyua nyuma, weka stendi kwenye sehemu zilizotengwa kwa jeki, kisha usukume gari kwa mkono kabla hujaingia chini. Gari likitikisika kwenye stendi, lishushe uanze upya. Usiingie chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake hata kwa sekunde ya kuokota spana. Chomoa waya wa hasi wa betri, ambayo kwa gari hili iko mbele.

Anza na sensa. Ziandike ya kushoto na ya kulia kwa karatasi ya kubandika, zifungue, zifunge kwenye kitambaa safi na uziweke mbali na grisi. Sensa ikiwa imekwama, kuiwasha injini kwa dakika chache ili chuma kitanuke kidogo husaidia. Ukifanya hivyo, rudisha waya wa betri kwanza, na uvae glavu.

Fungua ngao ya joto. Bolti zake huwa zimeliwa na kutu, na kukatika kwa moja si msiba. Kisha shuka chini ufungue bolti zenye springi zinazounga manifoldi na bomba linalofuata, pamoja na kishikizo chochote cha chini. Mwisho ndiyo nati za kwenye kichwa cha injini. Hapa twende polepole. Nati ikigoma, usiivute kwa nguvu zote upande mmoja. Irudishe kidogo kama unayeikaza, ifungue kidogo, pulizia dawa, rudia. Stadi, yaani ule msumari wa nyuzi unaoshika nati, ikitoka pamoja na nati yake, shukuru, utaweka mpya. Stadi ikikatikia ndani ya kichwa cha aluminiamu na huna uzoefu wa kuchimba, simama hapo. Fundi mwenye mashine ya kulehemu ataitoa kwa kuichomelea nati. Wewe ukiichimba kombo, unanunua kichwa.

Manifoldi ikilegea, itoe bila kuilazimisha. Ikikataa kupita, legeza bomba linalofuata upate nafasi. Ikishatoka, mulika ndani ya milango ya moshi kwenye kichwa cha injini. Weupe au kijivu kikavu ni sawa. Utando mweusi wenye unyevunyevu wa oili unakuambia ni silinda ipi inayopitisha. Ziba milango hiyo kwa vitambaa safi, na uvihesabu, usije ukasahau kimoja humo.

Kuvunja na kusafisha

Fanya kazi hii nje, mbali na watoto, upepo ukiwa mgongoni mwako. Tandika turubai. Lowesha masega kwa maji ya kupuliza kabla ya pigo la kwanza na uendelee kuyalowesha, ili unga usipae. Anzia katikati ya sega kwa nondo, ukichimba kuelekea pembeni. Kauri ikishapata tundu, iliyobaki hubomoka kwa vipande. Usiigonge nondo kwenye uso wa manifoldi unaokaa gasketi, wala kwenye nyuzi za matundu ya sensa.

Kauri ikiisha, bado hujamaliza. Kuna mkeka uliokuwa umelishika sega, nao lazima utoke wote, pamoja na kipande chochote cha waya. Piga ganda kwa nyundo ya mpira huku ukiligeuza pande zote. Linapokoma kudondosha, lioshe kwa maji mengi ya shinikizo, likaushe, halafu lipige tena. Utashangaa: likikauka, hudondosha tena. Rudia mpaka uligonge juu ya karatasi nyeupe na karatasi ibaki nyeupe. Hicho ndicho kipimo cha kumaliza, usikubali kingine.

Kabla hujarudisha, tazama uso wa sega kubwa. Vipande vilivyosafiri kwenda nyuma hukwamia hapo. Kama vimelala juu tu, vitoe kwa mkono na kifyonza vumbi cha karakana, si cha sebuleni. Kama vitundu vimezibwa au sega lenyewe limepasuka, badilisha sega hilo.

Kurudishia

Safisha uso wa kichwa na wa manifoldi kwa brashi laini, weka gasketi mpya, kaza nati kwa mkono kwanza zote, kisha kwa spana ya kupimia kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, mpaka kiwango kilichoandikwa kwenye kitabu cha huduma cha gari lako. Usipake silikoni kwenye maungio ya eksozi, kwa sababu mvuke wake huharibu sensa. Nyuzi za sensa zipake kidogo dawa ya kuzuia kukwama, ncha usiiguse, na uzikaze kwa kama Nm 44.

Uvujaji usiuchukulie poa, na hili ndilo balaa nililoahidi kulieleza. Kwanza, mwanya ulio kabla ya sensa huvuta hewa ya nje. Sensa inadhani petroli ni kidogo, kompyuta inaongeza petroli, na petroli hiyo inakwenda kuliunguza sega kubwa ulilokuwa ukilitunza. Pili, injini ya gari hili iko nyuma ya mgongo wako. Moshi unaovuja kwenye manifoldi unaweza kuingia ulipoketi, hasa paa likiwa limefungwa, na monoksidi ya kaboni haina harufu wala rangi. Washa injini ikiwa baridi, nyunyizia maji ya sabuni kwenye maungio kabla hayajashika moto, na utafute mapovu. Baada ya safari chache za kupata moto na kupoa, rudi ukakague nati tena.

Baada ya kazi

Badilisha oili na filta mara moja. Angalia dipstiki kila wiki kwa mwezi wa kwanza. Masega yakiisha kutoka, wengi hufurahi kwa sababu gari limekuwa jepesi, wakasahau kwamba mwenye kovu usidhani kapoa. Injini iliyokwisha kula unga inaweza kuendelea kula oili, na oili hiyo sasa inaelekea moja kwa moja kwenye sega kubwa. Badilisha plagi zilizochoka, pima koili, safisha valvu ya PCV (ile inayorudisha mvuke wa oili kwenye injini) au weka mpya, tumia oili ya daraja lililoandikwa kwenye kitabu. Ikiwa upungufu hauishi, dawa ni pistoni na ringi. Hakuna chupa ya dukani itakayoziba mikwaruzo ya silinda.

Sega kubwa libaki

Najua utakachoambiwa gereji: toa yote, hayafai kwa mafuta yetu. Hoja hiyo ilikuwa na uzito enzi za petroli yenye risasi, kwa sababu risasi huua sega kweli. Lakini Afrika kusini mwa Sahara iliachana na petroli hiyo kufikia mwaka 2006. Sega linalokufa leo linauawa na oili na misi, na kulitoa hakuponyi kimojawapo.

Nimeshauri kutoa masega madogo kwa sababu moja tu: mahali yalipowekwa, kumeguka kwake kunaangamiza injini. Sega kubwa liko mbali na valvu, halina hatari hiyo, na linatosha kusafisha moshi injini ikishapata moto. Ukilitoa, sensa ya nyuma itawasha taa, gari litanuka, na wanaokufuata barabarani watavuta ulichokataa kukichuja. Kenya ina kanuni za ubora wa hewa, Tanzania ina zake za 2007, na zote zinagusa moshi wa magari. Uingereza, gari lililotoka kiwandani na sega likikutwa halina, linaanguka kwenye ukaguzi wa mwaka. Msomaji uliye Marekani, sheria ya huko inakataza kuondoa kifaa chochote cha kudhibiti moshi, masega madogo yakiwemo. Kwako njia halali ni ile ya kwanza tu: manifoldi nyingine yenye masega yaliyoidhinishwa.

Neno moja kuhusu mabaki. Platini, paladi na rodi zilizomo kwenye ile kauri zina thamani, hata ikiwa imevunjika. Ndiyo sababu wezi huyakata masega chini ya magari yaliyoegeshwa, na ndiyo sababu ukisikia fundi anajitolea kukutolea masega bure, ujue hajitolei. Yakusanye mabaki yote kwenye mfuko mzito, yafunge, na uwauzie wanunuzi wa vyuma wenye leseni. Ukimpa fundi kazi hii, mwambie mapema kwamba mabaki ni yako na uyaone kwa macho.

Kazi yote inaweza kufanywa na mtu makini nyumbani kwake, akiwa na stendi imara, barakoa ya kweli na muda wa kutosha. Anayeogopa stadi zenye kutu ampe fundi, lakini hatua ya kwanza haihitaji fundi: soketi namba 22 na tochi. Kama una MR-S na hujawahi kuyaona masega yake, usisubiri safari nyingine ndefu. Yatazame wiki hii.